Risasi ya Msumari

Kicukiro, Kigali
17 Juni 1990

Kaliza, mtoto wa kaka yangu,

Shikamoo uliyoniandikia nimeiitikia kwa sauti hapa jikoni, mpaka jirani yangu Daphrose akauliza ninaongea na nani. Mimi ni mzima. Goti linanisumbua ninapopanda kutoka njiapanda ya Sonatubes na mzigo kichwani, lakini siku ya soko nalisahau. Paka amezaa tena ndani ya kapu la viazi. Mwambie baba yako Évode kwamba dada yake Pudentienne hajafa wala hana mpango huo, na kwamba mwalimu mwenye kalamu tatu mfukoni anaweza kumwandikia dada yake walau mara moja kwa mwaka. Usinune kwamba nakuandikia Kiswahili. Kinyarwanda chako cha Bukoba nilimsomea Daphrose, akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa maneno yetu. Maganda matatu ya risasi uliyompa Silvère yamefika. Yule dereva ni mtu wa kweli, aliegesha lori lake barabarani akaja kunikabidhi mkononi. Lile la kijani lenye picha ya bata kwenye kifuniko ni zuri kuliko ulivyolisifu. Lile la kitako cha chuma ni la miaka ya vita vya Wazungu, shaba ilipokuwa adimu. Nimelipaka mafuta lisiendelee kula kutu. La tatu ulidanganywa, mwanangu. Ganda la karatasi la zamani ukilikwangua kwa ukucha linatoa nta. Hilo lilitoa masizi. Mtu alilipika jikoni kwake juzi ili lizeeke haraka.

Yote nimeyatoboa. Najua umeshakunja uso, lakini soma. Babu yako alikuwa akiwapakia Wabelgiji bunduki zao za marisau kwenye uwindaji wa Bugesera, akaokota kila aina ya ganda walilotupa. Jicho lake la kushoto alilipoteza huko, kwa risasi aliyodhani imekufa. Tangu hapo kila kilichoingia nyumbani kwake kilimwagwa baruti, fataki inayoiwasha ikaloweshwa mafuta, na ubavu ukatobolewa kwa msumari, tundu la kupitisha kijiti cha kiberiti. Alisema, "Kisichotobolewa hakilali kwangu." Baba yako alipokimbilia Tanzania mwaka wa sitini na moja aliondoka na nguo zake. Mimi nilibaki na ubao wa maganda na sheria yake, na vyote viwili bado viko ukutani.

Ukiona wivu, njoo uutazame ubao.

Shangazi yako,
Pudentienne

*

Bukoba
5 Agosti 1990

Shangazi, shikamoo.

Barua yako ilikaa Ngara wiki nyingi kwa sababu lori la Silvère lilivunjika ekseli. Sisi hatujambo. Baba anakohoa lakini hakosi darasani. Nilimsomea maneno yako kuhusu kalamu tatu, akatoka nje akasema anakwenda kumwangalia ng'ombe. Hatuna ng'ombe, Shangazi.

Kuhusu tundu tutagombana tena. Daktari wa hospitali ya misheni ameniazima jarida la wakusanyaji wa huko kwao, na ndani wameandika wazi kwamba ganda lililotobolewa limeharibiwa. Ni kitenge kipya kilichounguzwa na pasi. Wewe una maganda ya Wajerumani ya shaba, manene kuliko kidole gumba, ambayo watu wangesafiri kuja kuyaona, nawe umeyatia matundu kama filimbi!

Lakini sikuandika kwa ugomvi. Unamkumbuka Zephaniah, mwindaji mamba niliyekutajia? Amefariki, na watoto wake walikuwa wanatupa sanduku lake. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, nimeipata. Risasi ya msumari.

Nilipomwonyesha baba aliigeuzageuza, akasema ndiyo yenyewe. Ganda la karatasi ya kahawia, kitako cha shaba, na ubavuni karibu na kitako kimechomoza kimsumari kifupi. Baba alinieleza jinsi bunduki za kale zilivyokuwa: nyundo inapiga msumari, msumari unachoma fataki iliyo ndani, baruti inawaka. Alisema babu aliiona moja tu maishani mwake, mikononi mwa mzungu mzee, akaomba apewe akanyimwa. Alisema pia kwamba katikati ya ubao wako ipo nafasi tupu ambayo babu aliichonga kwa ajili yake na hakuijaza mpaka anakufa.

Kwa hiyo ni yako. Nimemkabidhi Silvère ndani ya mche wa sabuni nilioukata katikati, nikauchimba na kuufunga tena. Ila ujue ni nzima, Shangazi. Haijawahi kupigwa. Ukiitikisa unasikia marisau, na kifuniko cha mdomoni hakijaguswa tangu kilipotoka kiwandani. Nakuomba hii usiitoboe. Yatoboe mengine yote, nitanyamaza. Hii moja iache kama ilivyo.

Sijawahi kukuomba kitu.

Wako,
Kaliza

*

Kicukiro
16 Septemba 1990

Kaliza mkaidi,

Tuko salama. Daphrose ana mjukuu, goti langu limepata dawa ya mitishamba inayonuka kuliko ugonjwa wenyewe, na paka wadogo nimewagawa isipokuwa mmoja.

Sabuni imefika. Uliila nusu kwa kuichimba, na iliyobaki inanuka baruti. Nilipoifungua nilikuwa peke yangu, na nasema bila aibu kwamba nililia. Niliiweka katikati ya ubao. Imeingia sawasawa, kana kwamba babu yako aliipima. Nafasi hiyo alikuwa ameichonga kwa kukisia tu, kwa jicho moja.

Kuhusu ombi lako, wewe ni nani wa kunipangia? Jarida lina macho mawili, ndiyo maana halijui kitu. Msumari wa kutobolea ninao hapa karibu na kikombe cha chai. Sheria ni sheria.

Mwambie Évode asante. Aliongea na mtoto wake juu ya ubao, basi hajausahau.

Shangazi yako

*

Bukoba
11 Novemba 1990

Shangazi yangu, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama, na leo sisemi hivyo kwa mazoea. Baba haondoki kwenye redio. Tangu vita vilipoanza kule mpakani mwanzoni mwa Oktoba tunasikia kwamba Kigali nyumba zinapekuliwa, na watu wanachukuliwa kwa sababu tu wana ndugu nje. Sisi ndio ndugu wa nje. Kikohozi cha baba kimezidi na hataki kula.

Nimefikiria namna ya kuandika hili bila kuliandika, nimeshindwa. Ile niliyokutumia. Nilikuomba usiitoboe, nikajisifu na jarida langu. Sasa naomba uwe hukunisikiliza hata kidogo. Naomba iwe kwamba siku ile ile ulichukua msumari wako ukaitoboa pande zote mbili, ukaimwaga, ukanitukana. Kama bado ni nzima, itupe chooni leo kabla ya kumaliza kusoma.

Nijibu neno moja tu, "nilitoboa," nitalala.

Kaliza

*

Bukoba
27 Januari 1991

Shangazi, shikamoo.

Silvère amenirudishia barua yangu ya Novemba. Anasema alikuta kufuli mlangoni, na Daphrose alimwambia, "Mama hayuko," akaingia ndani kwake. Maharage ya nyuma ya nyumba, anasema, yalikuwa yamepaliliwa.

Natuma barua zote mbili pamoja. Baba ameandika mistari minne chini yake kwa mkono wake. Ameandika Kinyarwanda, nami sikuisoma.

Kaliza

*

Kicukiro
21 Aprili 1991

Kaliza mwanangu,

Marahaba zako zote nazilipa kwa pamoja. Mimi ni mzima. Nimekonda, Daphrose amenipunguzia nguo kiunoni na anasema nimerudi usichana. Maharage aliyavuna, akayahifadhi kwenye mtungi, hakula hata kikombe. Paka yupo. Mistari minne ya kaka yangu nimeisoma mpaka karatasi imelegea, na majibu yake ni haya: nimekusamehe zamani, kula.

Silvère anajua pa kuiweka barua hii, kwa hiyo nitasema. Sitasema yote.

Walikuja mchana, askari wanne, pamoja na mtu wa mtaani aliyewaonyesha mlango. Jina lake nalihifadhi mwenyewe. Walijua nina kaka Tanzania na walikuwa wanatafuta silaha. Walipoukuta ubao ukutani walisogea wote. Mkubwa wao, sajini mwenye miwani, aliuteremsha akaulaza juu ya jiwe langu la kusagia. Alichukua ganda la kwanza akaona tundu. Akachukua la pili. Akatoa kiberiti mfukoni akawa anapitisha kijiti katika kila tundu, polepole, bila kuruka hata moja. Nilikuwa nimesimama namshukuru baba yangu kimoyomoyo. Daphrose alikuwa mlangoni. Walimfukuza mara mbili, akawa anarudi.

Kisha sajini akafika katikati ya ubao.

"Na hii? Tundu yake iko wapi?"

Nilimwambia hiyo ni mzee wa wote, kwa hiyo niliifungua mdomoni, nikaimwaga, nikairudishia kifuniko ili isiharibike sura. Akaitikisa sikioni. Ikalia. Nikamwambia nimeijaza mtama ili karatasi isibonyee. Akanitazama. Wawili kati yao walishasogea mpaka uani. Akasema kama naficha risasi nzima atanimaliza hapo hapo jikoni, na hakuwa anatisha mtoto. Mtaa wa pili walimkuta fundi mmoja na risasi tano, hakufika hata kwenye lori.

Nikamwambia, "Leta hapa." Niliilaza juu ya jiwe, msumari ukitazama juu, nikachukua mchi wa kinu. "Muzee hii ilikufa mbele mimi nizaliwe," nikamwambia kwa Kiswahili cha askari, yaani kabla sijazaliwa. "Angalia."

Nikapiga.

Haikufanya kitu. Msumari uliingia kidogo ukapinda. Askari mmoja wa uani akaanza kucheka, wengine wakafuata, na sajini akaitupa chini ya meza. Walichukua maganda yote ya shaba kwa sababu yanang'aa, yale ya Wajerumani pia. Ya karatasi waliyaacha. Na mimi wakanichukua, kwa ajili ya kaka yangu, si kwa ajili ya maganda. Huko nilikokaa mpaka mwezi uliopita sikuandikii.

Kwa hiyo lala usingizi. Niliimwaga siku ile ile ilipotoka kwenye sabuni. Nilikwambia sheria ni sheria, au ulidhani shangazi yako anatishwa na jarida?

Pudentienne

*

Bukoba
30 Juni 1991

Shangazi, shikamoo na shikamoo tena.

Baba ameanza kula. Barua yako ameisoma yeye, halafu mimi, halafu yeye tena, na alipofika kwenye mchi aliinuka akazunguka nyumba. Alisema wewe ulikuwa hivyo hivyo tangu mdogo: ulivuka mto uliofurika huku ukimwambia yeye kwamba maji ni ya magotini.

Nimecheka na nimelia. Mtama! Ningejuaje kwamba punje za mtama zitakuja kuniokolea shangazi. Nimechukua maganda yangu yote, hata yale mawili ambayo daktari alinisifia, na Jumamosi nimeyatoboa moja baada ya jingine kwa msumari na nyundo ya baba. Jarida nimelirudisha. Daktari aliponiuliza sababu nilimwambia ni sheria ya nyumbani kwetu.

Njoo Bukoba, Shangazi. Kuna chumba. Baba anasema hivyo hivyo, ila yeye anasema kwa kukitengeneza kitanda.

Kaliza

*

Kicukiro
6 Februari 1994

Kaliza, bibi harusi mtarajiwa,

Barua zetu miaka hii zimekuwa fupi, salamu na dawa ya goti tu, na sababu unaijua. Lakini hii ya kwako ya Desemba nimeisoma nimesimama. Kwa hiyo Shyaka amekuja na wazee wake, na kaka yangu amekubali bila kujifanya mgumu. Vizuri. Nimeuliza habari za ukoo wao kwa watu watatu na wote wamesema watu hao hawana makuu. Daphrose anauliza kama ana meno yote.

Ulinialika mara ngapi nije, nami nikakataa? Nilisema siwezi kuiacha nyumba nyakati hizi. Mwenye nyumba akiondoka, nyumba inapata mwenyewe mwingine. Bado nasema hivyo. Lakini harusi isiyo na shangazi ni mkutano wa watu waliovaa vizuri. Nani atakaa nawe chumbani akueleze mambo? Baba yako, na kikohozi chake? Nitakuja mwezi wa Machi na Silvère, nikae nawe kabla, tukufanye mtu. Baada ya Pasaka, mkishaoana, nitarudi.

Ufunguo namwachia Daphrose. Yeye atapanda maharage yangu pamoja na yake, nami nimemwahidi kitenge cha Bukoba, cha bluu, si cha manjano. Ubao nimeufunga kwenye gunia. Risasi yako ya msumari nimeifukia chini ya jiwe la kusagia, ndani ya kopo la chai. Msumari wake uliopinda unanifurahisha, sitaki mtu auguse.

Andaa chai nyingi.

Shangazi yako

*

Kicukiro, Kigali
28 Agosti 1994

Shangazi, shikamoo.

Leo mimi ndiye ninayeandika kutoka Kigali na wewe ndiye unayesoma Bukoba. Natumaini goti linapumzika na baba anakutii. Tumefika salama. Shyaka amepata kazi ya kupima viwanja, wanamhitaji kila mahali, leo Kimironko kesho Busanza. Mimi nimeambiwa niende kuonana na mkuu wa shule, itakapofunguliwa.

Nyumba yako imesimama. Mlango wa mbele hakuna, Shyaka ameweka mbao na bawaba mbili. Mabati ya jikoni yameondolewa upande mmoja. Mparachichi umezaa sana, matunda yanaanguka na hakuna wa kuyaokota. Kuna paka, sijui kama ni wa ukoo wa paka wako, ana doa jeupe shingoni na ananifuata. Gunia la ubao halipo. Watu wengine walikuwa wameingia nyumbani, tulizungumza nao kwa heshima, wakahamia nyumba nyingine. Nyumba tupu ni nyingi.

Barabarani kutoka Sonatubes hadi hapa maganda ni mengi kuliko changarawe. Ya shaba, mapya, yanang'aa mvua ikinyesha. Watoto wanayachezea. Mimi niliyewahi kusafiri siku nzima kwa ajili ya ganda moja sikuokota hata moja, na Shyaka alipoinama kuniokotea nilimwomba aliache.

Jiwe la kusagia lipo pale pale. Nilichimba, nikalikuta kopo la chai, na ndani risasi ya msumari, kavu kabisa. Nilifurahi, Shangazi. Ilikuwa furaha yangu ya kwanza hapa. Niliketi chini nayo nikautazama msumari uliopinda, nikawaza nikutumie punje moja ya ule mtama wako, ucheke. Nikachukua kisu, nikainua kifuniko cha mdomoni taratibu. Kilikuwa kimekazwa na nta ya kiwandani, hakijawahi kufunguliwa.

Hakukuwa na mtama. Yaliyomwagika mkononi mwangu ni marisau. Chini ya marisau pamba yake, na chini ya pamba baruti, nyeusi, kavu. Niliweka chembe kidogo juu ya jiwe nikaigusa kwa kiberiti. Iliwaka yote mara moja, nikaunguza nyusi.

Fataki tu ndiyo iliyokataa, Shangazi. Iligoma siku ile, na ingeweza isigome. Ulinyanyua mchi mbele ya watu wale ukapiga risasi nzima, na mimi miaka mitatu nasimulia kila mtu habari ya mtama. Shyaka alikichukua kisu mkononi mwangu. Kwa nini hukuitoboa? Na kwa nini uliniambia uliitoa baruti?

Nimeirudishia kila kitu kama kilivyokuwa. Niambie niifanye nini.

Kaliza

*

Bukoba
2 Oktoba 1994

Kaliza mwanangu,

Marahaba. Goti linapumzika, na kaka yangu anatii akiwa amelala. Jana alikula ndizi sahani nzima, akaomba nyingine. Amenunua kalamu ya nne, anasema ni ya kukuandikia wewe. Tusubiri.

Umeniandikia mlango, mabati, parachichi, doa la paka. Daphrose hukumtaja. Nimekaa na jambo hilo siku kadhaa kabla ya kushika kalamu. Usiliandike. Nitakuja, utanionyesha mahali alipolala, na kitenge chake cha bluu ninacho kwenye mfuko wangu wa safari, sijakifungua.

Sasa risasi. Ndiyo, nilijua ni nzima. Ulipoituma niliuweka msumari ubavuni mwake mara tatu, na nyundo mkononi. Lakini tangu kaka yangu aondoke hakuna mtu wa damu yangu aliyekuwa ameniomba kitu. Watu waliniagiza, walinipangia, walinipa pole. Wewe uliniomba, tena uliandika kwamba hujawahi. Nikaishusha nyundo, nikairudisha nzima katikati ya ubao, nikajiona tajiri. Kalamu yangu ilikuandikia vingine kwa sababu shangazi akishindwa hatangazi. Halafu vita vikaanza, nikasema nitaitoboa kesho, na kesho yake wakaja.

Nilipoinua mchi sikujua kama itakubali au itakataa. Ikilia, nimekwisha. Nikikataa kupiga, nimekwisha vile vile. Basi nikaona heri nipige kama mtu anayejua. Mambo ya mtama yalinijia nikiwa nimeshafungua mdomo. Na nilikudanganya kwa sababu ungejilaumu maisha yako yote, ungeacha kuniomba vitu, nami napenda kuombwa. Kama nisingekupenda ningeitoboa siku ya kwanza, nami ningekuwa salama na mpumbavu.

Maganda ya barabarani umefanya vema kuyaacha. Hata mimi nikifika nitayaruka.

Unaniuliza uifanye nini. Niliivunja sheria ya baba yangu mara moja, kwa ajili yako, na inatosha. Sasa ile ni nyumba yako na mume wako, na kama macho yangu hayakunidanganya pale stendi ulipokuwa unapanda gari, hamko wawili tu. Mwaga baruti kwenye maji. Loweka fataki mafuta, uiache mpaka Jumapili. Halafu chukua msumari, wewe mwenyewe, si Shyaka, uitoboe ubavuni. Kisichotobolewa hakilali kwako.

Silvère amepata lori jingine na anasema tutaondoka mwisho wa mwezi. Kiberiti ninacho mfukoni. Nikishuka, kabla ya chai, nitapitisha kijiti.

Shangazi yako,
Pudentienne